Uzi wa Mita Hamsini

Nilipima leza vibaya. Nikapata namba niliyokuwa naitaka, nikaiandika kwenye karatasi ya sifa za mtambo, nikatia sahihi. Watu wakaiamini. Leza yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Nayasema haya mwanzoni kwa makusudi. Sisi mafundi tukianza kusimulia makosa yetu huanza na kifaa, tukahamia kwenye umeme, tukamalizia kwa mhasibu. Vifaa vyangu vilikuwa vizima na umeme ulikuwepo. Mhasibu alinicheleweshea kitu kimoja, ni kweli, lakini si yeye aliyeshika kalamu.

Karakana yetu iko Edmonton, kaskazini mwa London, kwenye eneo la viwanda jirani na barabara ya North Circular. Malori hapo hayalali. Ukichungulia dirishani unaliona bomba la moshi la mtambo wa kuchomea taka, ambalo limesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukiwa na leza inayotakiwa kutulia, hupati mahali pabaya zaidi: lori likipita, sakafu inatetemeka, na meza yako nayo inatetemeka. Yakumbuke hayo malori. Yalikuwa yananiambia ukweli muda wote, nami sikuyasikiliza.

Tulikuwa tunaunda leza za dayodi zenye nguvu kubwa na rangi safi, na mambo hayo mawili hayapendani. Dayodi ya leza ni kipande cha semikondakta unachoweza kukipoteza kwenye mkunjo wa kiganja. Robert Hall na wenzake wa General Electric ndio walioiwasha ya kwanza, Marekani, mwaka 1962, ikiwa imepozwa hadi joto la naitrojeni oevu na kupewa umeme kwa mapigo mafupi tu. Ilichukua hadi mwaka 1970 kwa Alferov na kundi lake kule Leningrad, na Hayashi na Panish kule Bell Labs, kupata inayowaka mfululizo kwenye joto la kawaida la chumba. Baada ya hapo ikaingia majumbani mwetu bila kubisha hodi, ndani ya deki za CD, ikiwa na mwanga wa nanomita 780 ambao jicho haliuoni vizuri. Nilipokuwa kijana Tanga nilizifungua deki za namna hiyo nyingi, nikipuliza vumbi kwenye lenzi na kutoza pesa kama vile nimefanya upasuaji.

Bahati iliyoje, atomu za rubidi hupokea mwanga wa nanomita 780.24. Wanafizikia wakagundua kwamba dayodi za bei rahisi zilizozalishwa kwa ajili ya muziki zinaweza kupoza na kunasa atomu, na tangu miaka ya 1980 maabara nyingi duniani zimejengwa juu ya sadfa hiyo. Ndio wateja wetu.

Tatizo ni kwamba mlango ambao mwanga hutokea kwenye dayodi ni mwembamba, maikromita chache tu. Ukiisukuma dayodi sana, uso wake unaungua. Ukiupanua mlango, nguvu unaipata, lakini mwanga unakosa nidhamu na rangi kadhaa zinatoka kwa pamoja. Hata dayodi moja yenye rangi moja haitulii. Schawlow na Townes walikwisha kukokotoa mwaka 1958 jinsi rangi ya leza inavyoweza kuwa nyembamba, na mwaka 1982 Charles Henry akaeleza kwa nini dayodi za semikondakta hutoka pana kuliko hesabu ile: idadi ya elektroni ndani ya kipande ikibadilika kidogo, kasi ya mwanga humo ndani hubadilika nayo, na rangi inayumba. Dawa yake ni kugawa kazi. Dayodi ndogo inawekewa nje kioo chenye michirizi, kinachoirudishia sehemu ya mwanga wake na kuilazimisha ishike rangi moja. Mwanga wake, makumi machache ya milliwati, unaingizwa kwenye kipande kingine chenye umbo la faneli, kinachoukuza hadi zaidi ya wati moja bila kuiharibu sana rangi. Kuunda hivyo tuliweza, na vizuri tu. Kilichobaki kilikuwa kusema rangi ile ni nyembamba kiasi gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Upana huo huwezi kuupima kwa rula. Njia iliyozoeleka ilielezwa na Okoshi na wenzake wa Tokyo mwaka 1980. Unaugawa mwanga njia mbili. Mmoja unapita kwenye uzi mrefu wa mkongo ili uchelewe. Wa pili unapita kwenye kioo kinachotikiswa na mawimbi ya sauti, na masafa yake yanasogezwa, kwetu ilikuwa megahezi 80. Kisha unaikutanisha tena na kusoma tofauti yake kwenye analaiza ya masafa. Ni sawa na kumhoji mtu leo, kisha kumhoji tena baada ya muda, ukatazama maelezo yake yamepishana kiasi gani. Ukimuuliza mara ya pili kabla hajameza mate, atakujibu yaleyale, nawe utamwita mkweli.

Uzi wangu ulikuwa wa mita 50. Mwanga hupita humo kwa robo ya maikrosekunde.

Nieleze ulivyofika pale mezani, maana haukuja kwa ujinga mtupu. Miaka ya nyuma nilikuwa napima dayodi tupu, zisizo na kioo cha nje. Rangi ya dayodi za namna hiyo inayumba kwa makumi ya megahezi, na kwa kitu kinachoyumba haraka hivyo robo ya maikrosekunde ni muda wa kutosha. Mpangilio ule ulifanya kazi, nikauzoea, nikaacha kuufikiria. Tulipoanza kuunda leza za kioo cha nje, zenye rangi nyembamba mara mia na zaidi, nilihamisha vifaa vyote jinsi vilivyo kutoka meza moja hadi nyingine. Kadiri leza inavyokuwa bora ndivyo inavyohitaji uzi mrefu zaidi. Nilikuwa naboresha leza na kipimo kinazidi kuwa kibovu, na yote mawili yalikuwa yananipa namba za kufurahisha. Bobini ya uzi mrefu unaofaa kwa nanomita 780 ilikuwa kwenye orodha ya manunuzi, inasubiri. Sikuifuatilia. Unafuatilia nini wakati matokeo ni mazuri?

Analaiza ilinionyesha mstari mmoja uliosimama wima, mwembamba, wenye upana wa kilohezi 3. Nilikuwa nimetarajia mia na kitu. Hapo fundi mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilipiga picha kwa simu.

Mama Salma alikuwa jirani yangu mezani. Ni Mmombasa, na kabla ya kuja kwetu alikuwa ameunganisha mikongo ya simu kwa miaka mingi. Mikono yake ilikuwa inaunga uzi mwembamba kama unywele huku anasimulia habari za harusi. Alitazama kile kikunjo cha uzi juu ya meza.

“Mwanangu, mbona huu mfupi hivi?”

“Unatosha, Mama Salma. Kwa leza za aina hii hauhitajiki mrefu.”

“Huko kwetu ukitaka kuchelewesha kitu ulikuwa unaweka bobini nzima.”

Nikamweleza. Nilitumia maneno mengi, na mengine hata mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake.

“Haya. Wewe ndiye mwenye shahada.”

Nimelifikiria sana lile “haya”. Alikuwa amenipa nafasi ya kujisahihisha bila kuniaibisha, na nikaipokea kama sifa.

Kuna jambo la pili lililopaswa kunizindua. Namba yangu haikubadilika mchana wala usiku. Malori yapite, yasipite, kilohezi 3. Leza yoyote yenye kioo kilichoshikiliwa kwa skrubu na springi ingelalamika. Mtikisiko wa lori ni wa polepole, na ndani ya robo ya maikrosekunde haujafanya lolote. Kipimo changu hakikuwa na uwezo wa kuuona. Mimi nilitafsiri utulivu ule kuwa ni sifa ya raba nilizozipanga chini ya meza. Nilimwambia hata mkuu wetu kwamba raba zile tuziandikie maelezo maalumu. Zilikuwa raba za kawaida. Nilizinunua dukani Fore Street.

Mtambo wa kwanza ukauzwa kwa maabara ya chuo kikuu kimoja cha bara la Ulaya. Walitaka kufanya kazi na atomu za Rydberg: unachukua atomu ya rubidi, unaipandisha kwa mwanga wa nanomita 780 na mwingine wa 480, mpaka elektroni yake ya nje inakwenda mbali sana na kiini. Atomu iliyo katika hali hiyo ni nyepesi kuhisi kila kitu, hasa umeme wowote uliobaki ukizurura chumbani. Kwa kazi kama hiyo, kilohezi 3 na kilohezi 200 ni vitu viwili tofauti kabisa. Walichagua mtambo wetu kwa sababu ya namba yangu.

Baada ya muda mwanafunzi wao wa uzamivu akaniandikia. Alikuwa na adabu. Mistari ya atomu zake ilikuwa inatoka minene na alikuwa hajui chanzo; je, kuna uwezekano leza imepata shida safarini? Nilimtumia grafu ileile. Nikaongeza sentensi moja, kwamba mara nyingi katika majaribio ya namna hii chanzo huwa ni umeme uliobaki kwenye kuta za chumba cha ombwe. Sentensi hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana ilimpoteza.

Niligundua kosa langu nikiwa nataka kujisifu. Kulikuwa na maonyesho ya biashara yanakuja na mkuu wetu alitaka picha nzuri ya mstari ule kwa ajili ya bango. Kwenye skrini mabega ya mstari yalionekana mapana kidogo, kwa hiyo nikalipunguza dirisha la analaiza, yaani ule upana wa masafa ambao chombo huutazama kwa wakati mmoja. Lilikuwa kilohezi 3. Nikaliweka kilohezi 1.

Mstari ukawa kilohezi 1.

Nilifurahi. Ni lazima niliseme hili pia. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilifurahi, nikijiambia kumbe leza yetu ni nzuri kuliko tulivyoandika. Kidole kikabonyeza tena, hezi 300. Mstari ukawa hezi 300.

Leza ilikuwa upande wa pili wa meza. Haina waya wowote unaoiunganisha na kitufe kile. Haiwezi kujua nimebonyeza nini. Kama upana unafuata kitufe, basi upana ni wa kitufe. Nilikuwa nimepima dirisha la chombo changu mwenyewe, nikaliandika kuwa ni sifa ya leza, tangu mtambo wa kwanza.

Chini ya mstari, kila upande, kulikuwa na mawimbi madogo yanayopanda na kushuka kwa nafasi sawasawa. Yalikuwepo siku zote. Kila kitabu cha fani hii kinasema mawimbi hayo ni alama ya uzi mfupi, na nafasi kati yake inakupa urefu wa uzi. Nilikokotoa. Yalikuwa yanapishana kwa megahezi 4. Mita 50, barabara kabisa. Leza haikunipa hata namba moja ya maana, lakini ilikuwa imenipimia uzi wangu kwa usahihi wa kusifika.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Sikumwambia mtu. Nilifunga karakana, nikapanda basi namba 279 na sikushuka kwangu. Likanipeleka kaskazini kwa Hertford Road mpaka Ponders End. Sikuwa na shughuli huko. Ila ni mahali ninapopafahamu kwa habari zake, maana kiwanda cha taa cha Ediswan kilikuwa pale, na pale ndipo zilipotengenezwa valvu za mwanzo za John Ambrose Fleming, dayodi za kwanza kabisa za elektroniki. Fleming alikuwa mshauri wa kampuni za taa, na katika miaka ya 1880 alichunguza taa zenye bamba la ziada ndani zilizopitisha umeme upande mmoja tu. Aliziweka kabatini. Mwaka 1904, akifanya kazi kwa Marconi na akitafuta namna ya kunasa mawimbi ya redio, akazikumbuka.

Watu husimulia habari yake hadi hapo. Mimi siku ile nilikuwa nawaza sehemu inayofuata. Hataza yake ya Marekani, ya mwaka 1905, ilidai zaidi ya alichobuni: haikuishia kwenye masafa ya juu ya redio, ilibeba na masafa ya chini, ambayo Edison alikuwa amemtangulia. Dai lile la ziada halikuondolewa mpaka mwaka 1915. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha hataza nzima, ikisema marekebisho yalichelewa mno. Fleming alikuwa hai, ana miaka 93. Valvu ilikuwa yake kweli. Kilichomponza kilikuwa kipande cha ziada na miaka kumi ya kukiacha kilivyo.

Ningependa kusema habari hiyo ilinipa ujasiri. Ilinipa hofu, nayo ikatosha. Jumatatu nilimweleza mkuu wetu kabla hajavua koti. Aliuliza maswali mawili: ni mitambo mingapi iliyotoka na karatasi yenye namba ile, na nani mwingine anajua. La pili sikulipenda, lakini nalielewa. Kisha akasema tupime upya kwanza, ndipo tuwapigie.

Safari hii hatukutumia uzi hata kidogo. Tulichukua leza mbili zinazofanana, kila moja na umeme wake na meza yake, tukagonganisha mwanga wao. Mstari uliotokea ulikuwa mnene na ulikuwa unacheza. Lori lilipopita uliruka. Kwa kila leza tulipata kilohezi 200 hivi, ikizidi mchana na kupungua usiku. Hii ni namba ya heshima kwa leza ya aina ile. Tungeweza kuiuza kwa namba hiyo tangu mwanzo, kwa wateja wa kupoza atomu, ambao mstari wa asili wa atomu zao una upana wa megahezi 6 na hawahitaji zaidi.

Nilimpigia simu yule mwanafunzi mwenyewe. Alinyamaza, kisha akataka kuhakikisha amenisikia. Alikuwa amefungua chumba chake cha ombwe mara mbili kutafuta umeme uliobaki. Kila unapokifungua, lazima ukifunge, ukivute hewa na kukioka kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi kazini. Alikuwa amebadilisha bamba za ndani. Alikuwa amemwambia msimamizi wake kwamba pengine hana mikono ya kazi hii. Sehemu kubwa ya mwaka wake wa masomo iliishia humo.

Kampuni ilirudisha sehemu ya pesa. Oda ya mtambo wa pili ilifutwa, na wale wateja wakanunua kwingine. Karatasi za sifa zilizokwisha kusambazwa ziliandikiwa barua ya masahihisho. Niliiandika mimi, na jina langu liko chini. Niliondolewa kwenye upimaji kwa muda, nikawekwa upande wa kuunga, chini ya Mama Salma. Hakusema neno kuhusu uzi. Alinionyesha jinsi ya kukata ncha ili isitoke na pembe, akanirudisha nirudie, akanirudisha tena.

Kama na wewe unapima kitu, cha mwanga au cha chochote, kuna zoezi ambalo sasa nalifanya kabla sijaamini hata namba moja. Nabadilisha kitu ambacho hakipaswi kuwa na athari: dirisha la analaiza, urefu wa uzi, waya, saa ya siku. Nalifanya zaidi pale namba inapokuwa nzuri. Linachukua dakika chache. Ningelifanya siku ile ya kwanza, ningekuwa na mtambo wa kilohezi 200 na jioni tulivu.

Baadaye tulitengeneza leza iliyofungwa kwenye kikopo cha vioo viwili kwa njia ya Pound, Drever na Hall, iliyochapishwa mwaka 1983, na hiyo ilifika kwenye kilohezi chache kweli. Tulipima kwa kugonganisha mbili, kisha tukamwomba mtu wa nje ya kampuni azipime kwa vifaa vyake.

Mwanafunzi yule aliniandikia tena alipokuwa anamalizia tasnifu yake. Aliomba data zote za mwanzo, zile mbovu, kwa ajili ya kiambatisho. Nilizituma zote. Mwishoni aliuliza, bila ukali wowote, kwa nini nilichagua mita 50. Nilianza kuandika maelezo marefu kuhusu dayodi tupu, muda wa mwanga kutulia, na bobini iliyochelewa kuletwa. Nikayafuta. Nikamjibu kwamba sikuuchagua. Ndio uliokuwa kwenye droo.